Karai Lenye Namba

“Mradi watu wana meno, nyumba yangu hailali njaa!”

Hayo yalikuwa majigambo ya Mama Chipsi, na aliyatoa kila mchana huku akilitikisa chujio juu ya karai, mafuta yakimwitikia chwaa! Mumewe, akipita na ndoo yake ya kufutia vioo, hakuacha kumchokoza: “Na meno yao yakiisha, mama watoto?”

“Wakibaki na ufizi nitawapondea.”

Kantini yake ilikuwa nyuma ya makumbusho ya umma, kati ya ukumbi wa zana za kale na vyoo. Kibiashara hapo ni mahali pa kuringia, maana hakuna mgeni aliyeondoka bila kupitia kimoja kati ya hivyo viwili. Watoto wa shule waliyapita majembe ya mababu kama wanaofukuzwa na nyuki, kwa sababu harufu ilikuwa imeshawashika pua tangu getini. Walirudi makwao bila kukumbuka nani alifua chuma wala lini, lakini chipsi walizikumbuka. Kwa chipsi hizo nyumba ile ilipanga vyumba viwili na kumfikisha binti yao kidato cha tatu. Mshahara wa baba, wa kufuta vioo, ulikuwa ukifika nyumbani umeshachoka. Haya nayajua kwa sababu mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba wao wakijikuna upele, mimi ndiye ninayepata nafuu.

Basi majigambo yale yalidumu mpaka Jumatatu, Mkurugenzi aliporudi kutoka semina.

Semina ilihusu afya ya wageni katika taasisi za umma. Alirudi na bango, mkoba wa kitambaa na imani mpya. Alisimama mbele ya kantini, akavuta pumzi kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu mwingine, akatikisa kichwa.

“Mama, kuanzia kesho hapa hakikaangwi kitu.”

“Hata yai, bosi?”

“Yai lichemshwe.”

“Na viazi?”

“Vichemshwe.”

“Na soseji?”

Mkurugenzi alifikiri. “Soseji ipumzike.”

Akabandika bango: MLO BORA, FIKRA BORA. Lilikuwa na picha ya familia inayocheka na majani ya saladi, kama vile yale majani yamewasimulia kitu. Akaeleza kwamba wageni wanakuja kujifunza tulikotoka, halafu wanatoka na mafuta mpaka viwikoni. Kwamba juzi alikuta alama za vidole vya mafuta kwenye kabati la ngoma. Kwamba kamati itakuja kukagua, na itakachokikuta ndicho kitakachoamua kama mkataba wa kantini utaendelea au atatafutwa mtu mwingine.

“Sina ugomvi na wewe, mama. Nina ugomvi na mafuta.”

“Mafuta ndiyo mimi, bosi,” alisema Mama Chipsi, lakini taratibu, maana kodi ya nyumba na ada ya mtoto zilikuwa zimesimama nyuma yake zikimvuta gauni.

Na tuwe wakweli, Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ungemchukia ukapumzika. Shida yake ilikuwa kwamba alikuwa na nia njema na mamlaka kwa wakati mmoja.

*

Kabla kamati haijafika, ilibidi karai liondoke. Halikuwa karai la mchezo. Lilikuwa pana kama beseni la kuogeshea mapacha, jeusi chini kama dhambi, na masikio mawili ya chuma. Mume alilibeba kichwani hadi getini, akaonekana kama uyoga uliovaa sare.

“Simama,” alisema mlinzi wa geti. “Kitu hakitoki makumbusho bila kibali.”

“Kaka, ni karai la mke wangu. Unakula humu kila siku.”

“Sijasema silijui. Nimesema kibali.”

“Liliingia hapa kabla hata wewe hujaajiriwa.”

“Kibali cha kuingilia?”

“Siku hizo geti lilikuwa kamba!”

“Basi kama halikuingia, linatokaje?” Mlinzi alikunja mikono, ameridhika na akili yake. “Kisichokuwa na karatasi ya kuingia ni mali ya makumbusho. Ndiyo sheria, shemeji. Mimi nisingependa, ila ndiyo sheria.”

Mume alirudi nalo. Magari ya kamati yalikuwa yameshaanza kupiga honi nje. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akafungua stoo ya vitu vinavyosubiri maonyesho, akalisukuma karai kati ya kinu na ngao mbili. Alikuwa na ufunguo kwa sababu ya mifagio. Akajiambia ni mpaka kamati iondoke tu.

Kamati iliondoka. Ilimsifu Mkurugenzi kwa bango, ikampa mama muhula mmoja wa majaribio. Mume aliporudi stoo, alimkuta Msajili amechuchumaa mbele ya karai, na brashi ndogo mkononi.

Msajili alikuwa dada mpya, mwenye bidii, aliyetoka chuoni na kiapo kwamba hakuna kitu humo ndani kitakacholala bila namba. Alikuwa amelikwangua karai kidogo chini ya sikio, akapaka rangi nyeupe, akaandika namba kwa wino, na sasa anapuliza ikauke.

“Hili nani alilileta?” aliuliza kwa furaha. “Halimo popote! Miaka yote limelala hapa limesahauliwa!”

Hapa ndipo mwanaume angesema. Maneno yalikuwa machache tu: dada, hilo ni la mke wangu. Lakini nyuma ya maneno hayo yalikuwepo mengine: kwamba ameingiza kitu binafsi stoo, kwamba amefungua mlango usiomhusu, na kwamba kwa makosa hayo mfagiaji wa kabla yake alifagiliwa.

“Sijui, dada,” alisema. “Vitu vya kale vina mambo yake.”

“Angalia weusi huu. Hawa walikuwa wanapika kwa ajili ya mikusanyiko mikubwa.”

“Mikubwa kweli,” alisema mume. “Hasa Ijumaa.”

*

Mlo Bora ulianza. Mama Chipsi alinunua matango, karoti, maboga na machungwa, akayapanga vizuri kwenye trei, maana akifanya kitu hakifanyi nusu. Darasa la kwanza kufika lilijaa mbele ya kaunta na pesa zimeshikwa mkononi zikatoa jasho.

“Shikamoo mama. Chipsi.”

“Marahaba mwanangu. Chipsi hakuna. Kuna tango.”

“Tango la nini?”

“La kula.”

Mtoto alimwangalia, akaliangalia tango, akarudi kwa mwalimu wake kushtaki. Wote walitoka nje ya geti, ambako vijana wa mikokoteni walikuwa wakiwakaangia viazi kwa mafuta ambayo hata gari lisingeyakubali. Kwa hiyo afya ya wageni ililindwa kwa kuwavusha barabara.

Yalibaki matango. Yalirudi nyumbani kila jioni na binti akayala, baba akayala, na mimi nikaletewa. Mtu pekee aliyefaidika ni mume. Kitambi kilianza kushuka, presha ikashuka, na daktari wa zahanati akampa mkono: “Mzee, umefanya nini?”

“Biashara ya mke wangu imekufa,” alijibu.

“Endelea hivyo hivyo,” alisema daktari, ambaye alikuwa amesikiza presha tu.

Walipogombana, waligombana kwa karai.

“Nataka karai langu, baba watoto. Nikaange hata hapa uani, niuze mtaani. Liko wapi?”

“Liko salama.”

“Salama wapi?”

“Salama sana. Halijawahi kuwa salama hivi.”

Alimpeleka kesho yake kumwonyesha. Lilikuwa ndani ya kabati la kioo, limewekwa juu ya kitambaa chekundu, taa mbili zinalimulika kama bibi harusi. Mama Chipsi alisogea hadi pua ikagusa kioo.

“Wameandika nini hapo?”

Mume alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake: “‘Karai la kukaangia. Chuma. Zama za kale. Lilitumika katika karamu za wakuu. Mtumiaji wa mwisho hajulikani.’”

“Hajulikani?”

“Ndivyo walivyoandika.”

“Na wewe ukakifuta kioo?”

“Kazi yangu ni kufuta, mama watoto.”

Hakumsemesha tena mpaka wakafika nyumbani. Alipofungua mdomo hakupiga kelele, na hilo lilimtia mume hofu kuliko kelele. Alisema tu, “Mwanaume mzima unanifuta na mimi nikiwa nje ya kioo.”

*

Karai likapendwa. Wageni walipiga picha nalo. Mkurugenzi alikaa mbele yake na kikombe cha maji ya ndimu, akapata wazo. Katika Wiki ya Makumbusho, badala ya wageni kuangalia kitu kimekaa tu, kwa nini wasikione kikifanya kazi? Maonyesho hai! Mtu aliyevaa kizamani akae uani, awashe kuni, akaange kama mababu walivyokaanga.

“Lakini bosi,” aliuliza Msajili, “si tumepiga marufuku kukaanga?”

“Kantini ni marufuku. Pale ni chakula. Hapa ni urithi.”

“Na zikishaiva?”

“Wageni wataonja. Sampuli. Kipande kwa kila mmoja, kwa elimu.”

Akauliza kama kuna anayemjua mama anayeweza kukaanga kwa kuni. Mume alikuwa karibu, anafuta. Aliinua kitambaa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

“Ninaye mmoja.”

Mama Chipsi alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. “Yaani nikikaanga kwa jina langu ni kosa, nikikaanga kwa jina la marehemu ni elimu?”

“Wanatoa posho nzuri. Na ukifanya vizuri, Mkurugenzi anasema ataufikiria mkataba.”

“Ataufikiria.”

“Ndivyo alivyosema.”

Aliangalia trei ya matango yaliyokuwa yakisinyaa. Binti alikuwa amerudishwa nyumbani mara moja muhula ule kwa ajili ya ada, akadanganya kwamba shule imefungwa kwa sababu ya mashindano ya riadha. Mama mtu alikuwa amejua, na akamwuliza nani alishinda.

“Sawa,” alisema. “Waambie mtumiaji wa mwisho amepatikana.”

*

Siku ya maonyesho walimvisha shuka la hudhurungi na shanga za plastiki zilizopakwa majivu. Wakamvua saa na viatu. Wakazungusha kamba nyekundu kuanzia nguzo moja hadi nyingine, yeye katikati na moto wake. Masharti yalikuwa mawili: asivuke kamba, na asiongee. Mababu, alieleza Mkurugenzi, hawakuongea Kiswahili cha siku hizi, kwa hiyo akiongea ataharibu mazingira.

Mume alipewa fulana iliyoandikwa MHUDUMU na kazi ya kusema, “Tafadhali msivuke kamba.” Akalisema hilo kwa wageni, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu ya mkewe.

Kiingilio kilikuwa bure, na kwa cha bure hata mwenye homa huamka, kwa hiyo nusu ya mtaa wetu ilikuwepo. Mama Chipsi alitumbukiza viazi. Chwaa! Uani pakanyamaza kwa heshima, kisha matumbo yakaanza kuongea. Mambo yalikwenda vizuri, na yangeendelea hivyo kama lisingeingia darasa la kidato cha tatu, wasichana kwa wavulana, wawili wawili, na binti yake wa kumzaa akiwa katikati ya mstari. Hakuwa ameambiwa. Mama alidhani shule ile inakuja siku ya pili yake.

Mwongoza wageni alishika kipaza sauti. “Hapa mnamwona mama wa zama za kale katika mazingira yake ya asili.”

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. “Huyo ni mtu au sanamu?”

“Ni mtu. Ila tusimwongeleshe.”

Hapo mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, kicheko cha puani kama cha mbuzi aliyevuta pilipili, na kikaambukiza. Darasa zima likacheka. Mmoja akauliza kama anakula nyasi. Mwingine akamrushia karanga.

Binti hakucheka. Alisimama ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili. Mama alimwona. Akainamisha uso na kujifanya anapuliza moto, ila moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Hakuinuka. Mafuta yakaanza kutoa moshi, chipsi zikageuka kahawia, kisha nyeusi pembeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika maisha ya karai lile, ya kale wala ya jana.

Binti akatoka kwenye mstari. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kamba. Baba yake alikuwa amesimama hapo hapo, na kazi yake ilikuwa sentensi moja. Alifungua mdomo, sentensi haikutoka. Akainama, akainyanyua kamba juu kwa mkono wake, mtoto akapita chini.

“Mama, zinaungua,” alisema binti kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Akachukua chujio, akazitoa, akazikung’uta mara mbili kama alivyofundishwa.

Darasa lilinyamaza. Mwongoza wageni akaona ukimya, akaogopa ukimya, akaujaza: “Na hapa, wageni wetu, mnaona jinsi ujuzi ulivyorithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti!”

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Aliwafuata nyuma ya ukumbi, anang’aa, Msajili akiwa nyuma yake. “Safi sana! Mama, mkataba upo. Si wa kantini, mkubwa zaidi: maonyesho kila Jumamosi, mwaka mzima. Na huyu binti tumtafutie shuka lake. Nitaongea na mwalimu mkuu, ataelewa. Wawili mnapendeza zaidi.”

Mume alimwangalia mkewe. Posho ya mwaka mzima si kitu cha kubeza. Hata ukuta ungesema ndiyo.

Mama Chipsi alivua shanga, moja moja, akamwekea Mkurugenzi kiganjani.

“Bosi, mimi mmenizungushia kamba nikanyamaza, kwa sababu nina shida. Shida ni zangu. Huyu hana shida, huyu ana shule.”

“Lakini mama, huu ni urithi! Karai kama lile—”

“Karai lile nililinunua sokoni nikiwa na mimba ya huyu. Fundi mwenyewe bado yuko hai, anafua majiko. Mkitaka nitawaleta muonane.”

Msajili akashika ukuta. Mume akafumba macho, akisubiri kazi yake idondoke kwa kishindo. Mkurugenzi alimwangalia Msajili, akamwangalia mama, kisha akaangalia upande wa uani, ambako wageni walikuwa bado wamepanga foleni ya sampuli na mwandishi wa gazeti akilipiga picha karai.

“Mama amechoka na joto la moto,” alisema kwa upole. “Mpeni maji.”

“Lakini, bosi,” Msajili alinong’ona, “kama ni kweli...”

“Lina namba,” alisema Mkurugenzi. “Lina namba, dada.”

“Basi bakini na namba yenu,” alisema Mama Chipsi. Akavaa viatu, akamshika binti mkono, wakaondoka. Getini mlinzi akasimama, kwa mazoea tu, maskini.

“Mnatoka na nini?”

“Na mtoto wangu.”

“Kib...” Akasita.

“Kibali chake nilipewa leba,” alisema mama, na geti likafunguka.

*

Siku hizi anakaangia ng’ambo ya barabara, karibu na kibanda cha kinyozi, kwa sufuria ya kuazima ambayo ikipata moto inayumba. Askari wa jiji wakija anakimbia nayo kama wenzake. Kipato ni nusu ya zamani, na ada ya binti inalipwa kwa vipande vipande. Kantini imekuwa stoo ya mabango ya Mlo Bora. Mume hakufukuzwa, maana kumfukuza kungehitaji kueleza sababu. Kila asubuhi anakifuta kile kioo, halafu mchana anavuka barabara kula viazi vya kuchemsha ambavyo mkewe humtengea pembeni, kwa ajili ya presha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia juzi nikiisimulia hadithi hii kwa kinyozi na wateja wake, povu limenijaa kidevuni. Waliguswa. Mmoja akaguna, “Duh, na huyo aliyecheka ni mtu wa aina gani?” Nami nikaona niipambe kidogo.

“Hatumjui,” nikasema. “Sisi majirani hatukucheka hata mmoja. Tulisimama kwa adabu kama tuko msibani. Huyo alitoka mbali.”

“Alitoka mlango wa pili,” sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa binti wa Mama Chipsi, na sare yake ya shule, na chipsi ndani ya karatasi. Kinyozi akasimamisha wembe hewani.

“Mdogo wangu,” nikasema, “mimi nilikuwa nakohoa. Ule moshi—”

“Moshi ulikuja baadaye, kaka.”

Hakuna aliyenisaidia. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo ili isikie.

“Nilikuwa nimesimama mbele yako,” akaendelea, bila hasira, kama anayejibu swali darasani. “Mate yaliniangukia shingoni. Niligeuka nikakuona.”

“Na mama... alisikia?”

“Mama anakijua kicheko chako hata ukiwa umejifunika blanketi.” Akaniwekea karatasi mapajani. Zilikuwa za moto. “Amesema nikuletee. Siku ile uliondoka haraka, sampuli hukupata.”

Nikatia mkono mfukoni. “Shilingi ngapi?”

“Amesema usilipe. Amesema utafune kwanza, ucheke baadaye.”

Akasimama hapo mlangoni kungoja. Nikatafuna. Wakacheka wao.